Mkia Mlangoni

Lantana ikikatwa hutoa harufu kali ya kupenya puani, na ikikauka ukali ule hupungua, ikabaki harufu nzito ya vumbi na dawa ya mitishamba. Wengi hawaijui hiyo ya pili, maana nani atakayeweka lantana iliyokauka mahali anapolala? Mimi naijua vizuri. Nililala nayo usiku mwingi wa utoto wangu, ikiingia kwenye nyufa za mlango wa chumba chetu katika kambi ya polisi, nje kidogo ya Bwera, na mpaka leo ikinifikia njiani naona haya papo hapo, mtu mzima niliye na wajukuu. Naangalia pembeni kana kwamba kuna mtu ananicheka.

Miaka ya sitini ilikuwa inaelekea mwisho. Baba alikuwa koplo, mtu wa Lango, kaskazini mwa Uganda, aliyeletwa huku mpakani mwa Kongo na amri ya uhamisho, nasi tukaja nyuma yake na masufuria yetu. Kambi ilikuwa na watu wa kila upande wa Uganda, na kilichotuunganisha kilikuwa Kiswahili cha kwata na amri, ambacho walimu wangu walihangaika sana baadaye kukinyoosha. Kila familia ilikuwa na kipande chake cha ardhi nyuma ya chumba, na kazi ya mke na watoto ilikuwa kukifyeka kabla ya ukaguzi wa Jumamosi. Sajenti alipita huko nyuma na fimbo yake kwapani, na jani lolote lililozidi urefu wa buti lake lilikuwa kosa. Askari aliyemfuata alilikata hilo gugu na mengine ya karibu, akayafunga kwa ukambaa wa mgomba na kuyaning'iniza kwenye mlango wa mwenye kosa. Huo tuliuita mkia. Hukuruhusiwa kuutoa mpaka Jumamosi nyingine, na watoto wa kambi walijua la kufanya na nyumba yenye mkia. Familia iliyopata mikia mwezi mzima bila kupumzika, mke na watoto walirudishwa kwao kwa lori, mume akahamia bweni la makapera. Nilikuwa nimekwisha kumwona mama mmoja akipakia vitu vyake hivyo, kanga kaivuta mpaka machoni ili asionane na mtu.

Wenzetu walikuwa na vipande tambarare. Walipeperusha fyekeo, ambalo kambini tuliliita slasha, na kabla jua halijapanda walikuwa wamemaliza, wamekaa vibarazani wanasukana. Chumba chetu kilikuwa cha mwisho katika safu, na kipande chetu kilianza vizuri halafu kikaporomoka mpaka kijitoni. Ule ukingo ulikuwa adhabu tupu. Ulijaa mawe yaliyojificha kwenye mabingobingo, na slasha ikigonga jiwe ilitoa cheche na kukurudishia maumivu mpaka begani. Huwezi kusimama sawasawa; unashika kichaka kwa mkono mmoja usianguke, na kichaka chenyewe ndicho unachokikata. Mama aliufanyia kazi kwa panga na kwa mikono, amepiga magoti, akianzia juu na kushuka kinyumenyume, mimi nikivuta matawi na kuyarundika. Baba hakuwapo siku nyingi. Kulikuwa na fujo milimani, na askari walikaa doria wiki kadhaa mfululizo.

Katikati ya ukingo Mama alikuwa akisimama, akajifuta uso na kusema imetosha. Sehemu ya chini hakuigusa, na nilijua kwa nini; sisi wawili tu ndio tuliojua. Ng'ambo ya kijito, kwenye kibanda kilichoezekwa kwa majani, aliishi Mama Kavira, mkimbizi kutoka upande wa Beni. Mumewe alikuwa amekufa katika vita vya huko kwao, naye akavuka mpaka na watoto wake. Mwenye shamba la huko alikuwa amempa mahali pa kujenga tu, si mahali pa kulima. Kwa hiyo alivuka kijito alfajiri na kupanda kwenye ukingo wetu, ndani ya magugu yale yale: lengalenga chini ya lantana, maboga yaliyotambaa juu ya mawe, magimbi pale penye unyevunyevu. Ukisimama juu huoni ila kichaka. Yeye na Mama walikutana wakichota maji, wageni wawili wasiojua Kikonzo, lugha ya wenyeji, na siku ya kwanza Mama alipomkuta ameinama pale na jembe lake lililovunjika mpini, hakukimbia. Alisema, "Mama, niko naomba unisamehe. Sina hata kidogo ya udongo. Batoto beko na njaa." Mama alimtazama kidogo, akamwambia apande chini zaidi, kule ambako sajenti hawezi kuona. Tangu siku hiyo, kila alipochuma, Mama Kavira aliacha fungu moja la mboga juu ya jiwe bapa, letu sisi.

Mpango huo ulikwenda vizuri kwa sababu sajenti wetu alikuwa mtu wa kupenda buti zake. Alizing'arisha mpaka ukajiona ndani, na hakuwa tayari kuzishusha kwenye ule utelezi kwa ajili ya magugu ya mke wa koplo. Alifika ukingoni, akanyoosha shingo, akaona hatua chache za mwanzo zimenyolewa safi, akageuka. Mama alisimama mlangoni mikono nyuma, mnyenyekevu kabisa, na sajenti alipokwisha kupita alinikonyeza. Nilimpenda sana kwa hilo konyezo. Lakini sajenti yule alihamishwa, akaja mwingine mwembamba, mwenye macho ya kutafuta, na Jumamosi yake ya kwanza hakuja kwa njia ya juu. Alizunguka kupitia kijitoni, akasimama chini, akatazama juu.

"Wewe mama," akaita. "Hii iko nini? Hapana ona hii pori? Nyoka nalala hapa, adui nalala hapa."

"Mawe mingi, afande," Mama akajibu. "Slasha nakataa."

"Slasha hapana kataa. Wewe ndiye nakataa. Funga mukia."

Wakatufunga mkia wa lantana, mnene kuliko yote niliyowahi kuona, ukagusa kizingiti. Nililia. Mama aliniambia ninyamaze, majani hayaumi, na Jumamosi mbili zilizofuata tukafungwa mingine, kwa sababu alikuwa amefyeka tena pale pale na kuacha pale pale. Bombani watoto walinipisha wakishika makalio, wakitembea na mikia ya kujifanyia. Rafiki yangu wa kukaa naye dawati moja aliniuliza kama ni kweli mama yangu ni mvivu, na akauliza kwa huruma, jambo lililoniumiza zaidi. Ningesema kwa nini, Mama Kavira angefukuzwa. Nikinyamaza, Mama ni mvivu. Nikawa naenda kuchota maji wakati wa jua kali, wakati bombani hakuna mtu, na nikirudi nauingia mlango ule haraka, nimeinama, mkia ukinigusa kichwani.

Baba alirudi kutoka milimani siku mbili kabla ya ukaguzi wa nne, ambao ungetumaliza. Alisimama mbele ya mlango na bunduki begani, akautazama mkia, na askari wenzake aliorudi nao wakajifanya wana shughuli ya kufungua kamba za buti. Baba alikuwa mtu mrefu, mwenye majivuno ya kupiga pasi nguo zake mwenyewe. Sijawahi kumwona akiwa mfupi ila siku ile. Hakuingia kula. Alikwenda stoo akarudi na slasha, panga na jembe, akavua shati.

Mama alimfuata mpaka ukingoni. "Baba Atim," akamwambia kwa sauti ya chini, "kata hapa juu, kata mpaka katikati. Huko chini acha. Kuna chakula ya mutu."

"Mutu gani?"

"Ule mama wa Kongo. Hana pahali."

Baba aliishusha slasha, na mimi niliyekuwa nyuma yao nilidhani ameelewa. Halafu akatazama juu. Pale juu walikuwa wamekwisha kujipanga, wake za askari na watoto wao, na yule sajenti mpya akiwa na fimbo yake, wamekuja kumwona koplo akifanya kazi ya mkewe. "Hii ni kambi," Baba akasema kwa nguvu, wote wasikie. "Hapana shamba ya mutu." Akamwambia Mama apande juu, nami akaniambia nibaki nikusanye.

Alifyeka kama anapigana. Mabingobingo yalilala, lantana ikalala, mawe yakaanza kuonekana moja moja, meupe, na yaliposhinda slasha alitumia panga, na palipolishinda panga alitumia jembe na vidole. Alipofika chini hakupunguza mwendo. Maboga machanga yaliporomoka mpaka majini, yakaelea. Lengalenga iling'oka na mizizi yake. Niliyavuta yote pamoja, magugu na mboga, nikayarundika tayari kuchomwa, maana ndivyo nilivyoamriwa, na nasema kweli, sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa inashangilia. Kila kichaka kilichoanguka niliona mkia ukitoka mlangoni. Nilitamani wale wa juu waone jinsi tulivyo wachapakazi.

Ndipo Mama Kavira alipotokea ng'ambo, na beseni kichwani. Alikuwa amekuja kuchuma. Alisimama pale kwenye mawe ya kuvukia, akatazama ukingo mtupu, akamtazama Baba, akanitazama mimi na rundo langu. Nilingoja alie au atukane, na kama angetukana ingekuwa nafuu. Alivuka, akatua beseni, akapiga goti kidogo kwa adabu.

"Afande," akasema, "niko naomba kitu moja. Mbele ya kuchoma, nichague mwenye haiyakufa bado. Batoto batakula leo."

Baba aliitikia kwa kichwa. Mama Kavira akachutama kwenye rundo langu, akaanza kuchambua, lantana huku, lengalenga kule, akiyakung'uta udongo majani ya maboga moja moja na kuyapanga bila haraka. Pale juu hakuna aliyecheka. Baba alisimama amelishika panga, jasho likimtiririka, hajui aende wapi. Nami nilikuwa nimekaa kando ya rundo na sikumsaidia kuchambua, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama. Alipojaza beseni lake alijitwika, akasema, "Aksanti sana afande, umenikatia." Sikusikia kejeli ndani yake. Na kabla ya kuvuka alifunga fungu moja la mboga na kuliweka juu ya lile jiwe bapa, mahali pake pa siku zote.

Jumamosi sajenti alipita, akasema safi, mkia ukatolewa, nasi hatukurudishwa kwetu. Fungu lile Mama alilipika jioni ile ile ya kufyeka. Akapakua, akaweka mbele ya Baba, akakaa kumtazama. Baba alikula yote, taratibu, kichwa ameinamisha, na nafikiri ndilo tendo gumu kuliko yote niliyomwona akifanya. Tangu siku hiyo akawa anazungukia njia ndefu ya barabarani ili asipite kijitoni. Mama Kavira hakupanda tena kwetu. Mvua zilipoanza kibanda chake kilikuwa kitupu, na kwenye bomba walisema amekwenda upande wa Katwe, kwenye machimbo ya chumvi. Mama hakuniambia kama aliagwa, na sikumuuliza.

Sasa nina kiwanja changu Kasese, na nyuma yake kuna mteremko unaofanana sana na ule. Anakuja kijana na mashine ya petroli aliyojifunga begani, na uzi wa plastiki unazunguka na kula kila kitu, hata penye mawe, hata kwenye kona za ukuta ambako slasha isingefika. Kazi ya Mama ya siku nzima inakwisha kabla chai yangu haijapoa. Ningependa kuandika kwamba nimeacha kipande cha chini, kwamba kuna mtu anapanda lengalenga pale nami najifanya sioni. Mwaka jana ilichipua yenyewe, nyekundu, nzuri, na kijana akazima mashine akaniuliza, "Mama, hii mboga niache?" Ng'ambo ya ukuta jirani yangu alikuwa amesimama kwenye kibaraza chake, anatazama. Nikamwambia akate. Yule jirani ni mtu mwema, hajawahi kunisema kwa lolote. Lakini kila Jumamosi asubuhi, nikifungua mlango, bado mlango huo nautazama kwanza upande wa nje.