Makuti Rahisi

Juzi sokoni Kisauni nilimwona mama mmoja akishusha bei ya mikeka yake mpaka mnunuzi akacheka, nami damu ikanichemka kama siku ile ya utotoni kwetu Likoni.

Mama yangu alikuwa uani akishona makuti. Ua wote ulinuka majani yaliyorowekwa, na vidole vyake vilikuwa vimepasuka hata havikunjiki. Akaja bwana mmoja aliyekuwa akiezeka kambi ya makuli wa bandarini, akifuatana na mwenzake. Alitaja bei yake, mama akamsihi aongeze, akakataa katakata. Mwishowe mama akasema, "Haya, chukua, bwana."

Yule bwana akamgeukia mwenzake. "Umeona? Makuti ya hapa rahisi sana."

Nilidhani anasema kazi ya mama ni nyepesi. Nikamrukia. "Si rahisi! Hebu shona wewe!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama hakucheka.

"Mwombe bwana radhi," akaniambia, "ama hatakuja tena."

Nikamwomba radhi, huku machozi yakinitoka.

Siku hizi najua kwamba yule bwana alikuwa akisifu bei. Nimelijua hilo miaka mingi, na bado natamani ningemnyang'anya radhi ile.