Binti wa Nne Hatolewi

Kwetu Bwera mtoto hachaguliwi jina, anahesabiwa. Msichana wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, mpaka tumbo lichoke. Mimi nilizaa wasichana watupu, saba, kwa hiyo hesabu yangu haina matata.

Mjukuu wangu anasomea kompyuta Kasese. Alikuja na kazi ya JavaScript ambayo mwalimu angeikagua Jumatatu. Akianguka, anarudia mwaka. Akaniomba majina ya binti zangu kwa mpangilio. Nikataja, akaandika.

"Mukaka, kompyuta inamujua wa kwanza peke yake," alisema. Mukaka kwetu ni bibi. "Wa kwanza anamushika wa pili, wa pili anamushika wa tatu, vile vile mpaka mwisho."

Nilielewa. Mahango, nilikozaliwa, ukungu ukishuka watoto tulirudi kutoka mtoni hivyo hivyo, kila mmoja amemshika mkono aliye nyuma yake.

"Sasa mwalimu anataka tutoe mumoja. Nitamutoa wa nne, sababu alikufa."

Nikamwacha, maana ni masomo. Akabonyeza. Kompyuta ikataja watatu, ikasimama.

"Na mama yako?" niliuliza. Mama yake ndiye wa tano.

Akatazama. "Haiko."

"Basi na wewe hauko. Hii chai nampa nani?"

Hakucheka. Alisema alimwambia wa tatu amwachie marehemu mkono, akasahau kumwambia amshike wa tano. Wote wa nyuma wakapotea. Kurekebisha ni mstari mmoja tu.

"Usirekebishe. Murudishe. Mama yako anaitwa wa tano. Bila wa nne, yeye ni wa tano wa nini?"

"Mukaka, nisipotoa mutu naanguka."

"Toa mbuzi."

Mbuzi hawahesabiwi majina, wana rangi tu. Tukawaandika wote, tukamtoa yule mweusi tuliyemla Krismasi. Safari hii aliwashikanisha kwanza wa mbele na wa nyuma, ndipo akamwachia mweusi. Waliobaki wakatajwa mpaka wa mwisho. Hakuna aliyelalamika.

Jumatatu alifaulu. Mwalimu aliuliza kwa nini mbuzi. Akamjibu kwamba nyumbani alikatazwa kutoa watu.

Binti zangu bado wamo ndani ya kompyuta yake. Akija likizo namwomba abonyeze, anisomee. Anafika kwa wa tatu, anamtaja wa nne, wa nne anamshika wa tano, wanaendelea.