Mama Mafuriko Arudi na Tangi Jipya la Matumbawe

Saa mbili kasorobo asubuhi, Mama Mafuriko anatandaza magazeti ya zamani kwenye sakafu ya kliniki ya meno. Anaanzia chini ya tangi kubwa la kioo na kumalizia kwenye mguu wa meza ya mapokezi. Kisha anavua viatu.

Dada wa mapokezi anavua vyake pia, anaviweka juu ya meza kando ya simu.

"Mama, leo tunaogelea au hatuogelei?"

"Subiri uone," anajibu Mama Mafuriko huku akicheka.

Jina la Mama Mafuriko alipewa humu humu, na dada huyu huyu. Ni fundi bomba kwa miaka kumi na tisa sasa, mama wa watoto watatu, na ana kicheko kinachosikika hadi barabarani. Miaka miwili iliyopita alijenga kwenye chumba hiki tangi lake la kwanza la samaki na matumbawe hai. Watoto waliokuwa wakiangua kilio kabla hata ya kuitwa kwa daktari walibandika pua kwenye kioo na kusahau meno yao.

Raha hiyo ilidumu siku nne. Siku ya tano umeme ulikatika, pampu ikasimama. Bomba lililokuwa likipandisha maji kutoka tangi dogo la kuchujia, lililofichwa kabatini chini yake, lilikuwa na mdomo uliozama karibu na sakafu ya tangi kubwa. Likaanza kuyavuta maji kinyumenyume. Tangi dogo likajaa, likafurika.

"Nilikuta zulia limelowa chapachapa," anasimulia dada wa mapokezi. "Na viatu vyangu vipya! Nilivivaa siku moja tu, jamani."

Fundi hajitetei. "Maisha yangu yote nimefunga masinki na vyoo," anasema. "Huko maji yakishaondoka, ndiyo kwaheri. Sikuwaza hata kidogo kwamba haya yanaweza kurudi."

Tangu siku ile hakuna aliyempigia simu kuhusu tangi. Akarudi kwenye masinki, roho ikimuuma. Mumewe, fundi cherehani, alijaribu kumfariji, akaharibu zaidi.

"Nilimwambia, 'Mama watoto, hao samaki waachie wenyewe,'" anasema mume. "Akaninunia wiki nzima."

Baada ya kununa, alichukua daftari la hesabu la binti yake na kuanza kuchora. Alipima kwa ndoo maji yanayoshuka pampu ikizimwa. Alichora tangi upya mara kumi na moja, kisha akaipeleka michoro kwa daktari wa meno, kosa lake likiwa limezungushiwa wino mwekundu.

"Fundi mwingine angelaumu umeme," anasema daktari. "Huyu alikuja kunionyesha alipokosea yeye. Hata hivyo nilimkatalia mara mbili. Mara ya tatu nikamwambia sawa, lakini likimwagika tone moja, tangi linatoka na asinitajie samaki tena."

Tangi jipya lina lita mia nne. Safari hii mdomo wa bomba umekaa vidole viwili tu chini ya uso wa maji, na juu yake kuna tundu dogo. Maji yakishuka kidogo tundu linavuta hewa, na bomba linaacha kuvuta maji.

"Konokono akikaa kwenye tundu, akaliziba je?" anajiuliza mwenyewe, kidole juu. "Ndiyo maana mdomo wenyewe uko juu. Na tangi la chini nimelijaza nusu tu, lipate pa kupokea."

Humo kabatini kuna pampu, mashine inayogeuza uchafu wa samaki kuwa povu, na mfuko mweupe wa kuchujia. Mfuko huo umeshonwa na mumewe, kwa mshono maradufu. "Nilikuwa naomba msamaha," anasema mume.

Saa mbili na robo. Daktari anasimama mlangoni, mikono mifukoni. Mama Mafuriko anavuta pumzi na kuchomoa waya wa pampu ukutani, kana kwamba umeme umekatika.

Pampu inanyamaza. Ndani ya kabati maji yanaanza kupanda kuelekea mstari mwekundu aliouchora kwenye kioo cha tangi dogo kama kikomo. Yanapanda, yanapanda. Dada wa mapokezi anakamata viatu vyake. Kisha tundu linakoroma, linameza hewa, na maji yanatulia vidole vitatu chini ya mstari.

Fundi anapiga magoti, anapapasa gazeti moja baada ya jingine hadi mguu wa meza. Yote makavu.

"Kavu!" anapiga kelele, machozi yakimtoka. "Daktari, njoo ushike mwenyewe!"

Daktari anashika. "Samaki lini?" anauliza.

"Wiki sita. Kwanza mawe, maji yakomae yasije yakawadhuru. Matumbawe baadaye kabisa. Safari hii sina haraka."

Ana ndoto ya kufungua karakana yake ya matangi, na jina la kibao ameshachagua: Mama Mafuriko. Mumewe anaona litafukuza wateja. Yeye hataki kusikia.

"Waje waniulize kwa nini naitwa hivyo," anasema. "Nitawaonyesha daftari."

Dada wa mapokezi anaviteremsha viatu vyake mezani, anavivaa, na kumfungulia mlango mgonjwa wa kwanza.