Nilibomoa jiko la wajawazito ili picha itoke vizuri

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hii sio chai. Majina nimebadilisha na kituo cha afya sikitaji, ila mengine yote yalinikuta na bado yananiuma.

Mimi ni mtoto wa Kasulu mjini. Mzee wangu ana duka la vitambaa, kwetu tunaongea Kiswahili, Kiha nakisikia nusunusu. Nilisomea ubunifu wa majengo Dar, nikarudi na laptop na maneno mengi kuhusu ubunifu unaobadilisha jamii. Niliyaamini kweli, sikuwa naigiza.

Picha linaanza pale mradi mmoja uliponipa kazi ya kuchora nyumba ya wajawazito kusubiria kujifungua, upande wa Kibondo. Tatizo lilikuwa wazi. Vijiji viko mbali, mvua ikinyesha pikipiki hazipiti, akina mama wanajifungulia njiani. Basi waje wiki chache kabla, walale jirani na wakunga.

Tukafanya mkutano. Wanaume walikaa kwenye viti wakaongea, wanawake walikaa kwenye mikeka nyuma wakasikiliza. Niliandika kila kilichosemwa, nikaona nimeshirikisha jamii.

Nikachora. Aisee, nilichora.

Madirisha makubwa, veranda ndefu, matofali ya kuchoma ya palepale. Jiko sikuweka. Hakuna aliyelitaja, na mimi nilidhani habari ya chakula itapangwa baadaye.

Sasa, mjamzito wa huku haji peke yake. Anakuja na mama mkwe au dada, na furushi la unga wa muhogo, maharage na sufuria. Jengo lilipoisha na kuanza kutumika, wiki ya kwanza tu wasindikizaji walisimamisha kibanda cha miti na nyasi nyuma ya jengo, wakapanga mafiga. Wajawazito nao wakawa wanashinda hapohapo, wanachambua maharage, wanapiga soga. Vyumba vyangu vilikuwa vya kulala tu.

Hapo ndipo nilipomjua Consolata. Mtoto wake wa kwanza alifia njiani wakati wa kuzaliwa, ndiyo maana safari hii aliwahi kuja. Aliletwa na mama mkwe wake, Mama Anastazia. Alikuwa mtu wa utani yule Consolata. Siku moja aliniuliza mbele ya wenzake kama nyumbani kwetu huwa tunakula madirisha. Wote wakacheka, na mimi nikacheka.

Sikujua kwamba nimeulizwa swali.

Wageni wa mradi wakatoa taarifa kwamba wanakuja kuzindua. Moshi ulikuwa umeshachafua ukuta wa nyuma, na nyasi zile zingeweza kuwaka. Hiyo ya kuwaka ndiyo niliyoisema kwa sauti. Ukweli nilitaka picha. Nikawaambia mafundi wabomoe kibanda, wapake rangi. Mama Anastazia akauliza watapika wapi. Nikamjibu wavumilie, jiko litakuja awamu ya pili.

Asubuhi iliyofuata wageni wakazindua, nikapiga picha yangu. Kesho yake vitanda vinne vilikuwa vitupu. Consolata na mkwe wake walirudi kwao, wakaacha ujumbe kwamba watakuja tena siku zikikaribia.

Siku hazikusubiri. Uchungu ulianza asubuhi moja ya mvua, pikipiki ikakwama kwenye utelezi, wakambeba kwa machela. Alijifungua kando ya barabara, mtoto wa kike, mzima. Damu ndiyo haikukata. Consolata alifariki kabla hawajafika.

Nilienda msibani. Mama Anastazia alikuwa amempakata mtoto. Akaniambia kwa Kiswahili, ili nielewe:

"Yeye alitaka kubaki. Mimi ndiyo nilisema twende. Ningemlisha nini?"

Wakuu, yule mama alikuwa amejibebesha kosa langu. Nikamwambia mimi ndiye niliyeagiza kibanda kibomolewe, kwa ajili ya picha.

"Najua, mwanangu," akasema. "Nilikuona ukipiga."

Nililia mbele za watu, wala sikumbuki nilitokaje pale.

Miezi ikapita, nikarudi kumwomba anioneshe jiko lilitakiwa liweje. Sikutegemea akubali. Alichukua jembe, akachora chini kwa mpini: mafiga ya kila familia peke yake, benchi la wajawazito upande ambao upepo haupeleki moshi, sehemu ya kuni zisilowe. Halafu akampokea mjukuu wake kwa jirani na kuendelea na kazi. Nililijenga hivyohivyo alivyochora. Siku hizi vitanda vinajaa, na wakunga wanashukuru. Mimi shukrani hizo nashindwa kuzipokea.

Nilichojifunza ni hiki. Watu wakijitengenezea kitu pembeni ya kazi yako, hata kama ni cha nyasi, hata kama kinakuharibia ukuta, wanakuonesha ulipokosea. Kaa hapo, uliza. Na uliza waliokaa kwenye mikeka.

Mnaobuni vitu kwa ajili ya watu, iwe majengo, visima au hata app, naomba mniambie bila kuficha: mliwahi kubomoa nini? Na wanaotaka kunitukana karibuni, siwezi kujitetea.

Picha ya uzinduzi bado ninayo kwenye simu. Ukuta umetoka mweupe kabisa.