Pombe ya Kupalilia Ufuta

Pipa lilikuja kwa bodaboda kutoka Ruangwa, rafiki yetu amelikumbatia kwa nyuma, anacheka njia nzima. Safari hii hatukutaka kupikia pombe kwenye vyungu. Mwenyeji wetu wa Marambo alikuwa na shamba la ufuta lililomezwa na majani, mumewe yuko ndani na mguu uliovunjika, na majirani walishaalikwa Jumamosi waje kupalilia. Kwetu mwaliko wa namna hiyo hulipwa kwa pombe. Isipokuwapo, watu watakusalimia vizuri tu na kurudi makwao, na ufuta wako ndio basi tena.

Alhamisi tukawasha moto nyuma ya nyumba. Nilikuwa na furaha ya kitoto. Watatu sisi, mimi, mwenyeji na yule rafiki, na miiko mirefu, uji wa mtama unarukaruka ndani ya pipa, tunakimbia moshi huku tunatambiana nani ana mkono wa kukoroga. Pembeni tulipika ndoo moja ya togwa, uji mtamu usiolevya, kwa ajili ya majirani Waislamu, ambao pombe hawagusi.

Jioni nilichovya kidole, nikaona uji umepoa, nikasema tutie kimea, ule unga wa mtama uliooteshwa. Kwenye chungu ningekuwa sahihi. Pipa lilikuwa limepoa juu tu. Chini bado linaunguza, na kimea chote tulichotia humo kikaiva, kikafa.

Ijumaa asubuhi tulikuta uji mzito, umetulia, hauna povu hata kidogo. Mwenyeji alikaa pale pale kwenye majivu. Kimea kingine hatukuwa nacho. Kimea kilichobaki hai kilikuwa kwenye ile ndoo ya togwa, iliyopoa yote kabla hatujaitia, na sote tulikuwa tunaitazama.

"Mimina," alisema mwenyeji. "Majirani nitawaeleza mwenyewe."

Tukamimina, tukakoroga mpaka mabega yakawaka moto. Mchana ule sikukaa. Kila mara nilikwenda kutega sikio kwenye pipa, wenzangu wakinicheka, hadi alasiri nikasikia shii, shii, kidogo kidogo. Nilipiga vigelegele peke yangu. Kabla jua halijazama povu lilikuwa linasukuma kifuniko, na sisi tunacheza kulizunguka pipa, majivu mpaka kwenye nyusi.

Jumamosi walikuja wengi kuliko tuliowaalika. Mwenyeji wetu hakungoja. Alimfuata jirani mmoja Mwislamu, rafiki wa mumewe, aliyekuwa amesimama na wenzake, akawaeleza togwa yao ilikoishia. Mimi nilishika mwiko tu.

Yule jirani alilitazama pipa, kisha dirisha la chumba alikolala mgonjwa.

"Shemeji, sisi tumekuja kupalilia ufuta," alisema. "Maji ya kunywa si yapo?"

Akaweka jembe begani, akawa wa kwanza kuingia shambani. Wengine wakamfuata, wanywaji na wasiokunywa, na hakuna aliyeligusa pipa mpaka mstari wa mwisho ulipokwisha.