Siku Tingatinga Alipopigana Kweli

Kwa miaka kumi na miwili Tingatinga alilipwa kupigana na wanafunzi wa udaktari. Kabla ya hapo alikuwa bawabu wa baa, pande la mtu lenye kilo mia na kumi. Katika chumba chetu cha mazoezi, ambako mimi nilikuwa mtunza vifaa, aliigiza mgonjwa mkali: mlevi, aliyechanganyikiwa, aliyeletwa na polisi huku akitukana. Vitanda vyetu vilikuwa vya kweli, damu ilikuwa rangi, na chupa za dawa zilijazwa maji ya bomba. Makofi ya Tingatinga hayakuwa ya mchezo.

"Bora nikuzabe mimi leo," aliwaambia wanafunzi, "kuliko uzabwe wodini umeshika sindano."

Hakuwahi kumvunja mtu. Alipiga kwa kiganja, penye nyama. Nyumbani aliishi na dada yake, fundi cherehani, aliyemsimamia kila asubuhi mpaka amalize kula, maana Tingatinga alikuwa na kisukari na alijichoma insulini, dawa inayoshusha sukari hata kama hujala.

Siku hiyo dada alikuwa safarini. Tingatinga alijichoma kama kawaida, akanywa chai nusu kikombe, akaja mbio. Zoezi lilipangwa saa tatu, lakini Daktari, mwalimu wao, alikwama kwenye upasuaji hadi saa sita na nusu. Nilimwambia Tingatinga aende kantini. Akajitazama: shati limechanika, kifua kimepakwa damu ya rangi.

"Niwatapishe watu wanaokula? Nitakula tukimaliza."

Wanafunzi sita walipoingia, hakungoja ishara. Alipindua toroli la vifaa, mikasi ikatawanyika sakafuni. Alimpiga kijana wa kwanza ngumi ya tumbo, kijana akajikunja chini.

"Mzee leo kapania!" mwenzake akacheka.

"Kila mtu na kiungo chake!" Daktari aliamuru. Ndivyo walivyofundishwa: wanne kwenye mikono na miguu, mmoja kichwani. Walimwangusha. Tingatinga alimng'ata mmoja kiganja mpaka akapiga yowe, akampiga mwingine teke la goti. Matusi yake hayakuwa yale tuliyoyazoea. Yalikuwa maneno nusunusu, hayaunganiki.

Binti mwenye miwani ndiye aliyekuwa amekishika kichwa.

"Daktari, analoa. Jasho la baridi."

"Vizuri. Unataka kipimo gani?"

"Sukari."

Daktari alitazama karatasi yake. Kwenye mazoezi majibu yote hutoka kwenye karatasi. "Sukari tano nukta nane. Kawaida. Kingine?"

"Siyo ya karatasi, Daktari. Ya kwake."

"Waigizaji hatuwachomi, binti. Unajua."

Wakati huohuo mkono wa Tingatinga ukachomoka. Ngumi ilitua katikati ya miwani. Tulisikia pua ikivunjika. Damu iliyomwagika ilikuwa nyepesi kuliko ile yetu ya rangi, na kicheko kikakatika.

Binti hakurudi nyuma. Alipiga magoti juu ya ule mkono, akaokota mashine ya kupima sukari sakafuni, akamchoma kidole, akaweka tone.

"Moja nukta tatu."

Daktari aliangalia karatasi mara nyingine, kisha akaitupa. "Glukosi! Haraka!"

Kijana mmoja akanyakua chupa rafuni, akavuta bomba la sindano likajaa.

"Acha!" nilipiga kelele. "Hayo maji! Nimeyajaza mwenyewe!"

Aliyeng'atwa ndiye aliyekimbilia wodini kuleta ya kweli, kiganja kikivuja damu. Tingatinga akaacha kupigana, na hilo lilitutisha kuliko ngumi zake. Macho yakageuka, mwili ukaanza degedege, visigino vikagonga sakafu kama nyundo. Walimlaza ubavu. Povu lilitoka jekundu, alikuwa amejing'ata ulimi.

Glukosi ya kweli ilipofika, mkono wa Daktari ulikosa mshipa. Akajaribu tena, mshipa ukapasuka.

"Nipe mimi," binti akasema. Mpaka siku hiyo alikuwa amechoma mikono ya plastiki tu. Alikuwa akitiririkwa na damu mpaka kidevuni, jicho moja limeshavimba. Akapapasa kwa kidole, akachoma. Sindano ikaingia. Akasukuma dawa polepole, akihesabu kwa sauti ya puani.

Dakika chache baadaye Tingatinga alifumbua macho. Alitazama toroli lililopinduka, kijana aliyejishika tumbo, kisha uso wa binti.

"Nani kampiga huyu mtoto?"

Akatazama ngumi yake. Kipande cha kioo cha miwani kilikuwa kimenasa kwenye kifundo cha kidole.

"Mimi?"

"Wewe, baba," binti alisema. "Usitingishe mkono. Dawa haijaisha."

Tingatinga akageuzia uso ukutani, mabega yakitikisika. Mkono akauacha palepale, umenyooka, mpaka binti alipomaliza.