Ummehani na Barafu ya Zamhariri

Jumamosi, 8 Februari 2025. Joto kali la kaskazi, wingu hakuna, mabati ya mtaa wa Ngamiani yanalia kwa jua.

Ummehani alikuwa akiuza barafu za ukwaju nyumbani kwake mpaka mumewe, Jaffer, alipofariki. Arobaini ilipopita tu, shemeji yake Aslam, mwenye duka la vyombo, alikuja na mkokoteni akachukua friza. "Ni mali ya kaka yangu," alisema. Friza ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha mjane.

Hakulia mbele yake. Alianza kuuza juisi ya ukwaju iliyopozwa mtungini, na kila jioni wateja wakikaa barazani aliwasimulia habari za sayari aliyoitunga mwenyewe, Zamhariri.

Huko, alisema, baridi ilizidi mwaka hadi mwaka. Theluji haikuyeyuka, ililundikana ikawa milima ya barafu. Maji ya barafu ile yalitoka baharini, basi bahari ikapungua, mlango wa bahari ukakauka, na kisiwa cha Sultani kikaungana na bara. Sultani alikuwa amewadhulumu watu wa bara miaka yote, akijua hawana vyombo vya kumfikia. Sasa walikuwa wanakuja kwa miguu. Tena kila alipotaka kusema uongo, Sultani huyo alikohoa mara tatu na kuvuta suruali juu ya kitambi.

Ngamiani nzima ilimjua mkohozi huyo. Lakini jina halikutajwa, na kwetu fumbo lisilo na jina ni la atakayelilalamikia. Aslam alivumilia, hata wateja walipoanza kukohoa dukani kwake. Jumamosi hiyo uvumilivu ulimwisha. Alikuja barazani watu wamejaa.

"Shemeji, unanichafulia jina!"

"Jina gani? Mimi nasema ya Zamhariri."

"Huyo Sultani ni mimi!"

Baraza zima likaangua kicheko. Asmahani, jirani muuza vitumbua, akapiga goti. "Shikamoo, Sultani! Watu wa bara wamefika wapi?"

Aslam akakohoa. Wakamhesabia kwa sauti.

"Wakwe wa binti yangu wanakuja wiki ijayo," akamwambia Ummehani, sauti imemshuka. "Yeyusha hiyo barafu, shemeji. Bahari irudi."

"Barafu haiyeyuki kwa kuombwa."

"Nikikurudishia friza?"

"Friza ni yangu. Ilete, halafu tuone."

Kabla ya magharibi mkokoteni ulirudi, Aslam mwenyewe akiusukuma kwa nyuma. Ummehani akaichomeka friza kwenye umeme, akaisikiliza ikinguruma, akamwambia ahsante. Ahadi hakutoa.

Asubuhi yake alifungua mlango mapema, akawasimamisha wateja wake waliokuwa wakipita kwenda sokoni, akawasimulia jinsi watu wa bara walivyofika mlangoni kwa Sultani na kumkuta hana pa kukimbilia, kwa kuwa bahari ilikuwa mbali.